Daftari la Limbani

Jumatatu: boflo nusu, chai vikombe viwili,
sabuni ya mche, robo.
Jumanne: muhogo wa nazi, kitana,
kidonge cha kichwa, mto.
Mto nimeuandika maana nimeulalia,
na kila nilichowahi kulalia
kilikuwa na mwenyewe.

Daftari kanipa Hinda.
Kurasa za mbele zake, za vipimo vya magauni,
za nyuma zangu, za deni.
Naandika usiku wenzangu wakilala,
kwa mwanga wa taa ya ukumbini
ambayo Bi Kazija haizimi, umeme upande, ushuke.
(Hiyo pia nimeandika: taa.)

Msidhani napenda hesabu.
Mie nimesomeshwa na mama wa saluni, pale Chake,
aliyenisuka bure, akanambia chukua,
viatu hivi, chukua, chipsi hizi, chukua,
simu, mwanangu, chukua tu, nani anahesabu?
Kumbe yeye.
Siku alipolifungua daftari lake
nilikuwa na miaka kumi na tisa
na sikuwa na kitu cha kulipia
ila mimi.
Mlango ule, komeo lilikuwa nje.

Hapa komeo li ndani.
Fundi Makame alikuja kulitia,
akasimama uwanjani, hakuingia hadi nilipokubali,
akauliza, "Nilitie juu au chini?"
Sikujua kujibu. Mwaka mzima
hakuna aliyeniuliza juu au chini.
Nikasema chini. Kisha nikasema juu.
Akang'oa misumari, akalitia juu,
hakuguna.
(Misumari minne. Miwili ikapinda. Sita.)

Juzi niliona deni limekuwa refu mno,
nikampelekea Bi Kazija jikoni, mkono ukinitetemeka.
Akajifuta unga kwenye kanga,
akavaa miwani, akasoma yote, ukurasa kwa ukurasa,
midomo ikimchezacheza
kama anayesoma barua ya mtoto wa mbali.
Nikasubiri bei.
Akasema, "Umesahau chumvi."
Akanirudishia.

Sikulala. Chumvi, ndiyo, na maji ya kisima,
na ile alfajiri nilipoamka napiga kelele
akaja kukaa nje ya kizingiti, hakukivuka,
akichambua mchele gizani mpaka kukacha.
Hapo niandike kilo ngapi?
Na mie niliyemsuka Hinda mabutu, kichwa kizima,
na Thuwaiba alipotapika nikapiga deki,
hizo niziandike upande gani?
Naandika, nafuta.
Karatasi imetoboka.

Sisemi nimepona.
Kuna harufu ya mafuta ya nywele,
ikipita barabarani narudi ndani, nafunga, juu.
Mama hajaja. Alisema akimaliza karafuu,
na mwaka huu karafuu, watu wanasema, zimezaa haziishi.
Kesi imeahirishwa mara ya tatu;
hakimu anaumwa, kisha shahidi, kisha faili.
Sindano ya cherehani imenichoma kidole nikacheka,
sijui kwa nini nimelitaja hilo.

Jana usiku kaletwa mwengine.
Hataki kuvua viatu.
Nimempashia uji, akautazama
kama mtu anayepewa hati atie sahihi,
akauliza, taratibu, "Bei gani?"
Nilikuwa na maneno, wallahi, mengi, ya semina.
Nikasema, "Onja kwanza.
Chumvi nadhani imenizidi."